Viongozi wa wanafunzi wanapodai katiba mpya, wanadai ipi?

Niliwahi kualikwa kusimamia mdahalo wa viongozi wa serikali za wanafunzi kwenye chuo kimoja hapa Tanzania. Walikuwepo marais, maspika, makatibu na mawaziri wa mikopo, wengi wao na suti zao katika joto la saa nane mchana, na mada ilikuwa mabadiliko ya katiba. Walizozana saa nzima na nusu. Akisimama mmoja kusema katiba mpya ipatikane sasa, upande huu wa ukumbi unagonga meza. Akisimama mwingine kusema isubiri, upande ule nao unagonga. Kisha akanyanyuka binti mmoja wa mwaka wa pili, mbunge wa bunge la wanafunzi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na kijitabu cha Katiba ya mwaka 1977 kilichojikunja pembe. Akawauliza wenzake: hiyo katiba mpya ni ipi?

Yakatoka majibu manne kwa mpigo. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa saa nzima na nusu vijana wale hawakuwa wakibishana. Kila mmoja alikuwa na kitu chake kichwani, na vitu vyote hivyo vimepewa jina moja. Mjadala wa katiba vyuoni umekwama hapo kwa miaka, na siwezi kuwalaumu wanafunzi, kwa sababu sisi tuliowatangulia hatukuwahi kukaa nao tukawachambulia. Nijaribu hapa.

Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza leo alikuwa anajifunza kusoma na kuandika wakati Bunge Maalum la Katiba linakaa Dodoma mwaka 2014. Mara ya mwisho Katiba ya 1977 kufanyiwa marekebisho ilikuwa mwaka 2005, yakiwa marekebisho ya 14, na wengi wa wanafunzi hawa walikuwa hawajazaliwa. Kwa hiyo hadithi yenyewe wameipata kwa vipande.

Ilianza tarehe 31 Desemba 2010, pale Rais Jakaya Kikwete alipotangaza katika salamu zake za mwaka mpya kwamba nchi itaandika katiba mpya. Mwaka 2011 ikatungwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, na mwaka 2012 Tume ya Jaji Joseph Warioba, makamu wake akiwa Jaji Mkuu mstaafu Augustino Ramadhani, ikaanza kuzunguka nchi ikikusanya maoni. Tume ilitoa rasimu ya kwanza Juni 2013, na ya pili ikakabidhiwa tarehe 30 Desemba mwaka huohuo. Hiyo ya pili ndiyo watu wanayoiita Rasimu ya Warioba.

Rasimu hiyo ilipendekeza Muungano wa serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Mambo ya Muungano, yaani yanayosimamiwa kwa pamoja na Bara na Zanzibar, ambayo katika Katiba ya sasa ni 22, ilitaka yabaki saba. Iliwapa wapiga kura uwezo wa kumwondoa mbunge wao kabla ya muda, ikaweka ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge, na ikaingiza uwazi, uadilifu na uwajibikaji miongoni mwa tunu za taifa. Kwa kiongozi wa wanafunzi mambo haya si mageni hata kidogo. Rais wa serikali ya wanafunzi hukaa madarakani mwaka mmoja, na katiba nyingi za serikali hizo zina kipengele cha kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Akisoma kwamba mbunge anaweza kurudishwa nyumbani na waliomtuma, haoni ajabu yoyote. Ndiyo maisha anayoyaishi. Nadhani ndiyo maana Rasimu ya Warioba ina wapenzi wengi vyuoni kuliko andiko jingine lolote, hata miongoni mwa wasiowahi kuifungua.

Andiko la pili lilitoka Dodoma. Bunge Maalum lilianza tarehe 18 Februari 2014 chini ya Samuel Sitta, makamu wake akiwa Samia Suluhu Hassan. Humo walikuwemo wabunge wote, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na watu 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi ya jamii. Taasisi za elimu ya juu zilipewa nafasi 20. Taasisi, si wanafunzi: tofauti hiyo viongozi wa vyuo wanaikumbushia hadi leo, na wana haki ya kuikumbushia. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa upinzani waliojiita UKAWA wakatoka ukumbini kwa sababu ya suala la serikali tatu, na hawakurudi. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014. Humo serikali zikabaki mbili, na uwezo wa kumwondoa mbunge pamoja na ukomo wa ubunge vikafutwa.

Hata hivyo Katiba Inayopendekezwa haikuwa tupu, na hapa naona wapinzani wake vyuoni wanaionea. Iliruhusu mgombea binafsi. Iliruhusu matokeo ya urais kupingwa katika Mahakama ya Juu. Iliweka lengo la usawa wa wanawake na wanaume bungeni. Kura ya maoni ya kuithibitisha ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, kisha ikaahirishwa wiki chache kabla kwa maelezo kwamba uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zinazochukua alama za vidole, haujakamilika. Tangu siku hiyo hakuna kura iliyopigwa. Andiko lipo, limepitishwa, halijakubaliwa na halijakataliwa.

Jibu la tatu lililotoka pale ukumbini halina andiko: tuanze upya. Wenye msimamo huo wanasema maoni ya 2012 ni ya nchi nyingine. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu milioni 44.9, ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 61.7. Walioongezeka hapo katikati, karibu milioni 17, hawakuulizwa chochote. Ni hoja nzito, ingawa wenzao huwajibu kwamba ukimwuliza upya kila anayezaliwa hutaandika katiba milele.

Na jibu la nne: katiba mpya isubiri, ila vifungu vichache vya hii ya 1977 virekebishwe mara moja. Wanaolishikilia huwa wanataja kwanza Ibara ya 41(7), inayosema mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapa hapa Arusha, iliamua katika shauri la wakili Jebra Kambole kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeshaamua vivyo hivyo kuhusu kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama. Masharti yote mawili bado yamo. Baadaye huja Ibara ya 74, inayompa Rais kuteua wajumbe wa Tume ya Uchaguzi. Sheria za uchaguzi za mwaka 2024 zilibadili jina la tume hiyo ikawa Tume Huru, lakini sheria haiwezi kuifuta ibara ya Katiba.

Hayo yote husemwa sana. Kuna jambo moja ambalo viongozi wa wanafunzi, watu waliochaguliwa kupigania mikopo, ada na vyumba vya kulala, hawalisemi vya kutosha, nalo linawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Elimu si haki ya kushtakia

Binti yule wa mlangoni, baada ya kelele kutulia, alifungua kijitabu chake akasoma Ibara ya 11. Inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha, na kwamba Serikali itafanya jitihada watu wote wapate fursa sawa ya elimu katika ngazi zote. Ukumbi ukapiga makofi. Akageuza kurasa kurudi nyuma, akasoma Ibara ya 7(2). Makofi yakakatika.

Ibara ya 7(2) inasema masharti ya Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, ambamo Ibara ya 11 imo, hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Kwa lugha ya nyumbani: Serikali imeandika ahadi kisha ikaandika pembeni kwamba usiishtaki kwa ahadi hiyo. Haki zilizo kwenye Ibara ya 12 hadi ya 29, kama uhuru wa maoni na wa kukusanyika, unaweza kuzipeleka Mahakama Kuu. Elimu imebaki upande wa pili wa mstari, pamoja na haki ya kupata msaada uzeeni au ukiwa mgonjwa.

Hebu fikiria maana yake kwa mwanafunzi aliyenyimwa mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeundwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 2004. Akikosa bumu, anaweza kukata rufaa kwa Bodi, anaweza kumwendea waziri wa mikopo wa chuo chake aliyekesha akijaza majina kwenye daftari, anaweza hata kulalamika kwamba Bodi haikufuata sheria yake yenyewe. Hawezi kusimama mbele ya jaji na kusema: Katiba inanipa haki ya elimu, na mfumo huu wa mikopo unainyima. Mlango huo umefungwa kwa komeo la 7(2).

Jirani zetu wa Kenya mlango huo umefunguliwa. Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inataja haki ya elimu, na mtu akiona imekiukwa huenda mahakamani. Serikali yao ilipoleta mfumo mpya wa kugharamia elimu ya vyuo vikuu mwaka 2023, ulipingwa, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Sisemi wanafunzi wa Kenya hawana shida. Wanazo, na nyingi zinafanana na zetu. Nasema shida zao zina mahali pa kupelekwa ambapo aliyetunga mfumo analazimika kuja kujieleza.

Jambo la pili limejificha zaidi. Katika orodha ile ya mambo 22 ya Muungano yaliyo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, elimu ya juu ni mojawapo, na Baraza la Mitihani ni jingine. Mambo saba ya Rasimu ya Warioba yalikuwa haya: Katiba na mamlaka ya Jamhuri ya Muungano, ulinzi na usalama, uraia na uhamiaji, sarafu na Benki Kuu, mambo ya nje, usajili wa vyama vya siasa, na ushuru wa bidhaa pamoja na mapato yasiyo ya kodi. Elimu ya juu haimo. Maana yake, chini ya rasimu ambayo vyuo vingi vinaishangilia, elimu ya juu ingetoka kwenye Muungano na kila upande ungeisimamia wenyewe. Bodi ya Mikopo na Tume ya Vyuo Vikuu zingelazimika kuundwa upya.

Pengine hilo ni jema. Viongozi wengi wa wanafunzi wa Zanzibar wangelipokea, kwa kuwa huko tayari kuna bodi yao ya mikopo, na Katiba ya Zanzibar tangu marekebisho ya mwaka 2010 inaitaja Zanzibar kuwa ni nchi. Kijana wa Pemba anayesoma Dar es Salaam na kijana wa Songea anayesoma Unguja wanaweza kuliona vingine. Ninachowaomba viongozi hawa ni waseme wanalitaka au hawalitaki, wakijua. Tume ilieleza mwaka 2014 kwamba kati ya wananchi wa Tanzania Bara waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu, na kwa Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Hakuna kati ya miundo hiyo miwili ambao ungeiacha elimu ya juu ilipo leo bila mtu kuuliza.

Kipi ni chepesi kubadili

Hapa sheria ina jambo la kushangaza. Ibara ya 98 inaeleza namna ya kubadili Katiba, nayo imegawa mambo mafungu mawili. Mambo mazito, kama kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Zanzibar na orodha yenyewe ya mambo ya Muungano, yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Yaliyobaki yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wote kwa pamoja. Kura ya maoni haitajwi.

Kwa hiyo kuitoa elimu ya juu kwenye Muungano ni kazi ya fungu zito. Kufuta Ibara ya 41(7) ni fungu jepesi. Na kuitoa haki ya elimu chini ya 7(2) ni fungu jepesi vilevile: muswada mmoja, mkutano mmoja wa Bunge. Katiba mpya nzima kwa njia ya 2011 inataka kura ya maoni ambayo lazima ishinde kwa zaidi ya nusu Tanzania Bara na zaidi ya nusu Zanzibar.

Wanaotaka katiba mpya kwanza hawajakosa jibu. Wanasema theluthi mbili hiyo iko mikononi mwa chama kimoja, na ukiridhika na viraka utapewa kiraka kisichomuuma mwenye kushona. Nakubaliana nao kwamba hatari hiyo ipo. Lakini miaka zaidi ya kumi imepita tangu Katiba Inayopendekezwa ikabidhiwe, na katika miaka hiyo hatukupata nguo mpya wala kiraka.

Kwa nini wengi hunong'ona

Ukimkuta kiongozi wa wanafunzi kwenye kibanda cha chai atakueleza msimamo wake wote. Mpe kipaza sauti, atakwambia wanafunzi wanaunga mkono juhudi za kudumisha amani. Watu huuona huu kuwa woga tu. Mimi naona ni nafasi aliyowekwa. Serikali yake ya wanafunzi ina katiba, na katiba hiyo haitumiki mpaka baraza la chuo liipitishe. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992, kifungu cha 12, inakataza matawi ya vyama shuleni na vyuoni, kwa hiyo seneti za vyuo za UVCCM, jumuiya ya vijana ya CCM, na CHASO, umoja wa wanafunzi wa CHADEMA, hufanya shughuli zao nje ya geti, huku kila uchaguzi wa wanafunzi ndani ya geti ukijulikana nani wa upande gani. Akisema katiba mpya, anaambiwa ametumwa. Akinyamaza, anaambiwa amenunuliwa. TAHLISO, jumuiya inayowaunganisha viongozi wa vyuo vyote, hupimwa kwa mizani hiyohiyo kila inapotoa tamko.

Na kuna kumbukumbu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Mwaka 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa DUSO, jumuiya ya wanafunzi wa chuo hicho, alifukuzwa chuoni hapo. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mamia wakafukuzwa, DUSO ikapigwa marufuku, na nafasi yake ikashikwa na MUWATA iliyokuwa chini ya jumuiya ya vijana ya chama. Kila kizazi cha viongozi wa wanafunzi husimuliwa hadithi hizi na kilichotangulia, na kila mmoja hujifanyia hesabu: mzazi ameuza ng'ombe au shamba nikafika hapa, je, nirudi na nini?

Baada ya tarehe 29 Oktoba 2025 hesabu hiyo imekuwa nzito zaidi. Siku ya uchaguzi maandamano yalizuka, intaneti ikazimwa, watu wakauawa, na wengi wa waliokuwa barabarani walikuwa na umri wa wanafunzi. Rais akatangazwa, na Ibara ya 41(7) ikafanya kazi yake kama ilivyoandikwa: hakukuwa na mahakama ya kuendea. Kabla ya hapo, kwenye kampeni, mgombea wa CCM alikuwa ameahidi kuanzisha safari ya katiba mpya mapema katika muhula wake. Tangu hapo maneno katiba mpya yamerudi kwenye vinywa vya watu wengi kwa wakati mmoja, wakubwa na wadogo, na nina hofu tutarudia kosa la ukumbi ule kwa kiwango cha taifa zima.

Mdahalo wetu ulipaswa kuisha saa kumi. Ulikwenda hadi karibu magharibi. Walijaribu kuandika azimio kuhusu serikali mbili au tatu wakashindwa, wakajaribu kuhusu Rasimu ya Warioba wakashindwa, na kuhusu lini mchakato uanze ndiyo walikaribia kurushiana viti. Kisha binti yule akachana karatasi kwenye daftari lake, akaandika mstari mmoja na kuuzungusha mezani: haki ya elimu itolewe chini ya Ibara ya 7(2). Rais wa chuo kimoja ambaye kila mtu alijua ni wa seneti ya CCM aliisoma mara mbili, akaomba kalamu, akasaini. Aliyefuata alikuwa mwenzake wa CHASO, ambaye mchana kutwa walikuwa hawatazamani. Nilipotoka nje karatasi ilikuwa bado inazunguka, na waziri wa mikopo wa chuo mwenyeji alikuwa anauliza kama kuna nafasi ya sahihi upande wa nyuma.